Mlio na Mwili: Ngoma za Unguja kutoka Ng'ambo hadi Kiwengwa

Maana ya ngoma yoyote ya Unguja hutafutwa mahali pawili kwa wakati mmoja: kwenye mlio na kwenye mwili. Pigo lilelile huweza kuwa la harusi au la pepo. Kiuno kilekile huweza kuwa somo kwa mwari au kijembe kwa jirani. Kinachoamua ni namna viwili hivyo vinavyokutana, yaani kama mwili unalifuata pigo, unalitangulia, unalichelewesha au unalikataa. Kwa zaidi ya karne moja wapigaji na wachezaji wa kisiwa hiki wamekuwa wakiyabadili makutano hayo, kutoka viwanja vya mitaa ya Ng'ambo mjini hadi kumbi za hoteli za Kiwengwa, pwani ya mashariki, na kila yalipobadilika ngoma ileile ilianza kusema jambo jingine.

Kati ya ngoma za zamani, unyago ndio unaolionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Uliletwa na watu wa bara, Wayao, Wamakua, Wazaramo na wengineo, ambao wengi wao walikuwa watumwa katika mashamba ya karafuu, na haukuondoka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Ni chuo cha wanawake. Mwari hufundwa na kungwi mambo ya mwili, usafi, ndoa na adabu, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Ngoma kubwa ni ndefu na nyembamba. Anayeipiga kwa kusimama huifunga kiunoni na kuipitisha katikati ya miguu, kwa hiyo hawezi kuipiga bila nyonga zake kuingia katika pigo. Mpigaji tayari anacheza. Kungwi huimba maneno ya fumbo, waliohudhuria huitikia, kisha kiuno cha anayecheza hulifumbua fumbo. Mtu akiyasikia maneno peke yake atadhani yanahusu kazi za shamba au za jikoni. Akikiona kiuno peke yake ataona mzungusho tu. Somo limo katikati ya hayo mawili, na kwa njia hiyo siri hulindwa hata sauti ikivuka ukuta wa ua.

Kiuno chenyewe kina kanuni zake. Nyonga huzungushwa kwa kufuata ngoma nzito, magoti yamelegezwa, nyayo haziinuki sana. Mabega, shingo na uso hutulia, kana kwamba mwenyewe hahusiki na kinachoendelea huko chini. Utulivu huo wa juu ndio unaomtofautisha fundi na mwanagenzi, maana kuzungusha hujifunza wengi, lakini kuzungusha huku uso umekaa kama wa mtu anayesikiliza mawaidha ni kazi ya miaka. Fatuma binti Baraka, anayejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, aliutoa unyago uani akaupandisha majukwaani hadi Ulaya, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Wanawake wa Unguja walipomwona na ngoma katikati ya miguu waliona mamlaka ya kungwi. Watazamaji wa Ulaya waliona bibi mwenye nguvu za ajabu. Mikono, pigo na ngoma vilikuwa vilevile mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Kilichotofautiana ni mafunzo yaliyokuwamo au yasiyokuwamo vichwani mwa waliotazama.

Lelemama ilisimama upande wa pili kabisa. Ngoma hii ya wanawake ilienea pwani nzima, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, na ilichezwa kwa safu: wanawake waliopendeza, bega kwa bega, wakipeleka mikono na vichwa polepole, hatua zikiwa fupi mno. Mwendo ulitangaza heshima na ustaarabu. Maneno, kinyume chake, yaliweza kuchoma, kwa kuwa vyama vya lelemama vilikuwa vya mashindano, na chama kimoja kiliweza kukichambua kingine usiku kucha bila mchezaji hata mmoja kuonekana ana hasira. Tusi likipelekwa kwa mkono mlaini, anayetukanwa hana pa kushika.

Dini nayo ina mwendo wake, ingawa wenyewe hawangekubali kuuita ngoma. Tarika ya Qadiriyya ilienezwa Zanzibar na Sheikh Uways al-Barawi wa Somalia wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Katika dhikri wanaume husimama kwa duara au kwa safu, wakainama na kuinuka kwa pamoja, na pumzi zao zinazotoka kwa nguvu kifuani ndizo zinazokuwa pigo. Hapo mlio na mwili haviwezi kutenganishwa hata kwa mawazo, kwa sababu sauti ni mwendo wenyewe wa kifua. Maulidi ya homu, yanayohusishwa na tarika ya Rifaiyya na kuhifadhiwa hasa na kikundi cha Mtendeni mjini, yanatenganisha kidogo: wapiga matari na waimbaji wako upande mmoja, na mbele yao safu ya wanaume waliopiga magoti huyumbisha viwiliwili kulia, kushoto, mbele na nyuma, mikono ikipita hewani kwa pamoja. Pigo huongezeka kasi taratibu. Safu ikibaki moja pigo linapokwenda mbio, hapo waumini huona kuwa nyoyo nazo zimekuwa moja.

Bendi za tarumbeta zilileta lugha mpya ya miguu. Masultani wa Zanzibar walikuwa na bendi yao, na wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa. Waingereza na Wajerumani nao walikuwa na magwaride yao ya kijeshi. Kutokana na magwaride hayo ikazaliwa beni, katika miji ya pwani ya Kenya, miaka ya 1890. Wachezaji walivaa sare, wakajipa vyeo vya kifalme na kijeshi, wakaandamana kwa mguu wa kushoto na kulia mbele ya ngoma kubwa na tarumbeta. Vyama vilikwenda viwili viwili kwa ushindani, na huko Tanganyika Marini na Arinoti ndiyo majina yaliyovuma. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza beni kupitia askari na wapagazi mpaka Nyasaland na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako ndugu yake, kalela, ilikuja kuandikwa na J. Clyde Mitchell mwaka 1956. Terence Ranger aliifuatilia historia yote hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Wataalamu wamebishana sana kama beni ilikuwa kumwiga mkoloni au kumdhihaki. Ubishi huo haumaliziki kwa kuangalia sare peke yake. Gwaride la kweli humtaka askari aweke mguu juu ya pigo na anyooshe mgongo. Katikati ya pigo na pigo hapatakiwi kitu. Mchezaji wa beni huliweka pigo hilohilo mguuni, kisha katikati yake akatia bega, kiuno au mdundo wa goti. Nafasi ambayo jeshi liliiacha tupu ndiyo aliyoijaza. Akijaza kidogo, ni mwanajeshi mtanashati. Akijaza sana, jenerali mzima anakuwa kichekesho, na umati hujua papo hapo ni lipi kati ya hayo mawili linalochezwa. Kwa hiyo chama kimoja kiliweza kumsifu mkubwa mwanzoni mwa mtaa na kumcheka mwishoni mwake bila kubadili wimbo. Beni ilipofifia bara, Unguja iliibakiza na kuihamishia harusini. Siku hizi matarumbeta na ngoma za bendi hutangulia maharusi, wanawake hufuata wakiitikia na kucheza, na kikundi cha Beni ya Kingi huongoza pia maandamano ya tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004.

Taarabu ilianza kwa kuukataa mwili. Masimulizi yanayokubaliwa Zanzibar yanasema Sayyid Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni, na aliporudi muziki huo ukapigwa kasrini. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, ikawa chama cha wanaume waungwana waliokaa vitini, udi, kanuni, fidla na nai mbele yao, na wasikilizaji nao wamekaa. Kutikisa kichwa kulitosha. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kufariki 1950, aliuhamishia muziki huo kwenye Kiswahili na kwa watu wa Ng'ambo, na sahani zake zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zikauzwa pwani nzima. Lakini hata kwake wimbo ulikuwa wa kusikilizwa kwanza.

Mwili uliingia taarabuni kwa mlango wa tuzo. Mwanamke aliyeguswa na beti huinuka, hujipanga na wenzake, husogea mbele kwa hatua za kukokota zinazofuata mdundo mzito kama wahed unus, noti imeshikwa juu ambako kila mtu anaiona, humtunza mwimbaji, kisha hurudi. Safari hiyo ya hatua chache ni uchezaji kamili wenye maana yake. Anayetoka wakati kibwagizo kinataja wivu, akapita mbele ya kiti fulani kabla ya kufika jukwaani, ameshasema. Kanga aliyoivaa imesema pia. Mwimbaji anayejua kazi yake huurudia ubeti mpaka mtunzaji akae, na hivyo wimbo uliotungwa miaka kumi iliyopita unaweza kupewa mlengwa mpya usiku huohuo. Katikati ya karne ya 20 vyama vya taarabu vya wanawake mjini, kama Nuru l'Uyuni na Royal Air Force, viliufikisha ufundi huo wa vijembe mahali pa juu sana.

Wasiokuwa na fedha za kanuni na udi walikuwa na kidumbak. Vyombo vyake ni fidla, vidumbak viwili (ngoma ndogo zinazopigwa na mtu mmoja), mikwasa (vijiti vifupi vya kugonganisha), cherewa za kutikisa, na sanduku. Hili la mwisho ni sanduku la chai lililofunikwa kifudifudi, likafungwa uzi mmoja kwenye fimbo: fimbo ikivutwa uzi hukaza na sauti hupanda, ikilegezwa sauti hushuka. Ni besi ya maskini, na kwa miguu ya wachezaji ni bora kuliko besi nyingi za duka, kwa sababu sauti yake haikatiki kati ya noti na noti. Huteleza, na kiuno huteleza nayo.

Usiku wa kidumbak huanza karibu na taarabu. Nyimbo zilezile zinazojulikana, mwendo wa wastani, wanawake wamekaa au wanajifunga kanga viunoni bila haraka. Kisha mwimbaji hauachi wimbo umalizike. Huunganisha wa pili, wa tatu, wa nne, na kila kiungo kasi imepanda kidogo. Mapigo ya unyago hujipenyeza, yale ambayo kila mwanamke aliyefundwa anayajua mwilini kabla hajayajua masikioni. Duara hujaa. Sasa mpiga vidumbak hatazami tena fidla, anatazama viuno. Mmoja akishuka chini, magoti yamekunjwa mpaka kanga inakaribia kugusa mchanga, vidumbak hubana pigo na kumshikilia hapohapo. Akiinuka, pigo hufunguka naye. Wenzake hupiga vigelegele, na mwimbaji huchagua maneno ya kumfaa, mara nyingi yasiyofaa kurudiwa mchana. Katika taarabu maneno ndiyo yanayobeba maana na mwili hutia saini. Katika kidumbak mwili ndio unaosema na maneno huwa ushahidi.

Pemba nayo ina ngoma mbili zisizofaa kupitwa, maana huonekana Unguja pia kwenye sherehe za taifa. Katika msewe, wanaume hujifunga miguuni misewe inayolia kwa kila hatua, kwa hiyo mguu ni chombo cha muziki na anayekosea hatua husikika kabla hajaonekana. Katika kibati, waimbaji hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo, kwa kasi kubwa mno juu ya ngoma, na ulimi ndio unaocheza kuliko mguu.

Badiliko kubwa la karne ya 20 lilikuwa jukwaa. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, Tanganyika ilianza kuzikusanya ngoma za makabila ziwe za taifa. Kikundi cha taifa cha ngoma kilichofuata kilivunjwa baadaye, na mwaka 1981 kikazaliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ilifanya lake: vikundi vya utamaduni vya serikali, taarabu ya taifa, na halaiki za watoto wa shule kwenye sherehe za Mapinduzi katika Uwanja wa Amaan. Jukwaa lina upande mmoja wa kutazamiwa, nalo liliivunja duara. Wachezaji walioangaliana wakageukia viti vya wageni. Ngoma ya usiku kucha ikapewa dakika chache, hatua zikahesabiwa, na mwanzo na mwisho wa kila sehemu ukapangwa mapema kwa ishara ya ngoma au filimbi. Mpigaji sasa huongoza na mchezaji hufuata. Umoja wa taifa ulionekana vizuri katika safu zilizonyooka, hilo halina ubishi; kilichopotea ni nafasi ya mchezaji mmoja kumlazimisha mpigaji abadili nia.

Taarabu ya kisasa ilirudisha mwili kwa njia nyingine. Miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody vilileta kinanda cha umeme na gitaa, mipasho ikawa ya wazi, na watazamaji wakaacha viti. Mtindo huo ukaitwa rusha roho. Tuzo bado ipo, lakini anayetunza hucheza njia nzima, na kijembe ambacho zamani kilihitaji ubeti wa fumbo siku hizi hupelekwa kwa kidole na nyonga. Wazee wa Ikhwani Safaa walilalamika, na walikuwa na sababu: fumbo hufa haraka pale kila kitu kinapooneshwa. Lakini jambo walilolilalamikia lilikuwa la kale, maana viuno vya kidumbak vilikwishaucheza wimbo wa taarabu kabla kinanda cha umeme hakijafika bandarini.

Kiwengwa iliingia katika historia hii kwa mlango wa utalii. Kijiji hiki cha pwani ya mashariki, katika Wilaya ya Kaskazini B, kilitegemea uvuvi, nazi na usumba, na baadaye mwani. Zanzibar ilipofungua milango ya uwekezaji katikati ya miaka ya 1980, ufukwe wake mrefu uliwavutia wenye hoteli, Wataliano wakiwa mbele, na kuanzia miaka ya 1990 hoteli kubwa zikapangana kando ya bahari. Hoteli huhitaji burudani ya jioni. Vikundi vya ngoma huitwa kupiga baada ya chakula, mchanganyiko wa unyago uliopunguzwa makali, ngoma za bara, sarakasi, na mwishoni wageni huinuliwa kucheza.

Jioni hizo huonyesha kinachotokea pale moja ya nguzo za ngoma inapoondolewa. Mgeni haelewi maneno, hivyo fumbo halipo. Hamjui aliyetoka kucheza wala jirani yake, hivyo kijembe hakipo. Kazi yote huangukia pigo na mwili, navyo hulipa fidia kwa kuongeza: kasi hupanda tangu mwanzo badala ya kupanda taratibu, miruko huwa mirefu, na nyuso ambazo unyago ulizitaka zitulie hutakiwa zitabasamu. Kiuno kinabaki, lakini uso unapotabasamu kinasema karibu mgeni. Si ngoma ya uongo, kama wanavyopenda kusema wapenzi wa mambo ya asili. Ni ngoma yenye shughuli tofauti, na wachezaji wengi huicheza kwa ustadi mkubwa na kuipata riziki yao hapo.

Kwenye ufukwe huohuo vijana wa Kimaasai kutoka bara, wanaouza shanga na kulinda malango, huitwa nao jioni kucheza. Ngoma yao haina ngoma hata moja: kiongozi huanza, wenzake hujibu kwa sauti nzito za koo, na mmoja mmoja huingia katikati kuruka, nyayo zimeshikamana, visigino havitui chini. Anaporuka juu zaidi, sauti za wenzake hupanda pamoja naye. Hapo mruko unapigiwa na koo za watu wanaomtazama, na kwa kuwa mlio wote umo miilini mwao, mchezo huo umeihimili vizuri zaidi safari ya kutoka mbugani hadi kando ya bwawa la kuogelea kuliko unyago ulivyoihimili safari yake. Majibizano yamebaki ndani ya kundi. Mgeni ameongezwa tu pembeni.

Mbali na hapa, mlio na mwili vimewahi kutenganishwa kabisa. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1940, mchezaji Merce Cunningham na mtunzi John Cage walifanya jaribio la makusudi: uchezaji ulitungwa peke yake na muziki peke yake, vikakutana kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji. Maana ilitokana na kukutana kwa bahati. Katika baadhi ya kumbi za hoteli jambo linalofanana limetokea bila nadharia, pale muziki wa kurekodiwa unapochukua nafasi ya wapigaji ili kupunguza gharama. Mchezaji hushuka chini, lakini spika haimwoni. Hakuna wa kubana pigo wala wa kulifungua, na akitaka kukaa chini kwa mapigo manne zaidi, wimbo utamwacha.

Mjini, chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha taarabu, kidumbak na ngoma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waliohitimu hapo hupatikana katika bendi nyingi za hoteli za mashariki. Vijana wenzao wamevutwa na singeli ya Dar es Salaam, ambayo mapigo yake huvuka 200 kwa dakika na hutoka kwenye kompyuta. Mashine hiyo haimwoni mchezaji zaidi ya spika ya hotelini, lakini singeli ina mtu wa kipaza sauti. Yeye huona nani ameinama, nani ameruka, nani amekuja na nani, na papo hapo huwarushia maneno, hutaja mitaa yao, huwachokoza. Pigo limefungwa, sauti ya binadamu juu yake haijafungwa, na viuno vya uwanjani huifuata hiyo.